Kasha lifichwe mahali pa kufikika: uzi wa jiokashi kwa wafichaji wa Afrika Mashariki

#1 Mtembezi_Pugu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba uvumilivu.

Naandika kwa ajili ya sisi wachache tunaocheza jiokashi, pamoja na wanaolisikia jina hili leo. Kwa hao wa pili: mtu anaficha kasha mahali fulani (kopo, boksi, hata kichupa cha dawa), anaweka namba za GPS za pale mtandaoni, na wengine wanalitafuta kwa simu. Ukilipata unaandika jina lako kwenye daftari lililomo ndani, unalirudisha kama ulivyolikuta, unaondoka. Basi. Mchezo ulianza Mei 2000. Serikali ya Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imezima ule upotoshaji wa makusudi uliokuwa kwenye mawimbi ya GPS ya raia, na tarehe 3 Mei bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaacha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba zake mtandaoni. Siku tatu hazikuisha watu walikuwa wameshaifikia.

Sasa kilichonifanya nishike simu usiku huu.

Mdogo wangu anatumia kiti mwendo tangu alipopata ajali ya bodaboda. Mwezi uliopita nilimwambia twende tukatafute kasha pamoja, kwa sababu nilikuwa nimeona moja hapa Dar lenye njia namba 1. Kila kasha hupewa namba mbili, kuanzia 1 hadi 5 kwa kupanda nusu nusu: moja ya ugumu wa kulipata, nyingine ya ugumu wa njia. Njia 5 unahitaji boti, kamba za kupandia au mtungi wa kuzamia. Njia 1 maana yake mwenye kiti mwendo anafika, na mwendo wenyewe hauzidi mita 800.

Tulichukua bajaji, tukashuka, nikamsukuma kwenye pevingi nzuri kabisa kama mita 200. Simu ikasema bado mita 4. Mbele yetu palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, wazi, na ng'ambo ya mtaro mti. Kasha lilikuwa ndani ya tundu la mti, juu ya kichwa changu mimi niliyesimama. Nikaruka, nikapenyeza mkono, nikalitoa, nikamletea. Akafungua, akaandika jina lake taratibu, akafunga mfuniko, akanirudishia. Akasema, "Hili umelipata wewe."

Hakuwa na hasira. Ndiyo maana limenikaa moyoni.

Simlaumu aliyelificha. Alipima njia kwa miguu yake, akaona pevingi, akaandika 1. Lakini nadhani kosa la wengi wetu liko mapema zaidi ya hapo. Tunaanza na kopo mkononi na swali la "nitalificha wapi lisionekane". Swali la kwanza lingekuwa "nataka kumleta mtu wapi". Ukishajua unamleta wapi, pa kufichia patapatikana tu, hata kwenye mguu wa benchi.

Tangu siku ile nimebadili utaratibu. Naenda mahali mara mbili bila kopo. Mara ya kwanza nakaa tu, nusu saa au zaidi. Saa nane mchana kuna kivuli? Kuna pa kukalia, hata gogo? Upepo ukigeuka unaleta harufu gani? Nani anapita? Dada aliye peke yake angeweza kukaa hapa dakika kumi akiinama na kutafuta bila moyo kumwenda mbio? Hilo la mwisho nilifundishwa na mke wangu. Aligoma kushuka garini sehemu moja niliyokuwa nimeipenda sana, kichaka kizuri upande wa Pugu, kimya, hakuna mtu. Ukimya niliokuwa nausifu mimi ndio uliomtisha yeye.

Mara ya pili naenda na mdogo wangu na futi ya fundi cherehani. Akiwa amekaa, mkono wake unafanya kazi vizuri kuanzia kama sentimita 40 kutoka chini hadi 120. Chini ya hapo inabidi ainame na kiti kinataka kupinduka. Juu ya hapo vidole vinagusa ila havina nguvu ya kugeuza mfuniko. Njia ikiwa nyembamba kuliko sentimita 90 anakwaruza mikono kwenye kuta au miiba, na pale lilipo kasha panahitajika duara la mita moja na nusu la kugeuzia kiti, vinginevyo atarudi kinyumenyume. Mteremko: kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu.

Jambo moja sikulijua kabisa mpaka aliponionyesha. Mtu aliyekaa anafikia vizuri ubavuni kuliko mbele, kwa sababu mbele kuna magoti yake na vikanyagio vya kiti. Kwa hiyo kasha liwe mahali ambapo kiti kinaweza kusimama sambamba nalo. Ukuta mfupi kando ya njia ni mzuri. Kona iliyojibana, hapana, hata kama ina lami mpaka mwisho.

Naomba uzoefu wenu. Nataka kuficha la kwanza langu la njia 1 na sitaki kukosea.

#2 Kijana wa Ubungo

Asante mkuu, mimi ndiyo nasikia leo na nimeupenda. Ila swali la dhati: ukizungukazunguka mahali na simu mkononi, mara unainama, mara unapapasa chini ya benchi, raia hawatakuitia mwizi?

#3 Mkimbiaji wa Karura

@Kijana wa Ubungo swali lako ni zito kuliko unavyodhani, na hapa Nairobi tunalijibu kwa uangalifu.

Kasha langu la kwanza nililiweka nje ya jengo moja la maduka, chini ya benchi. Lilikuwa kopo la chuma, nimelizungushia tepu nyeusi ili lisionekane. Wiki ya pili mfagiaji akaliona. Eneo lile lilifungwa saa nzima, polisi wakaja, watu wakatolewa madukani. Nilijitokeza mwenyewe kueleza, nikaandikisha taarifa, na bado nawaza yule mama mfagiaji alivyokuwa anatetemeka. Mji huu ulipitia bomu la ubalozi wa Marekani 1998 na ukapitia shambulio la Westgate 2013. Mtu akiona kitu kimefungwa tepu chini ya kiti, ana haki ya kuogopa.

Kwa hiyo sasa: chombo chenye kuona ndani, kila mtu asome kilichomo bila kukifungua. Juu yake maandishi makubwa kwa Kiswahili kwamba huu ni mchezo, hakuna hatari, tafadhali rudisha. Sigusi steji za matatu, maduka makubwa, shule, nyumba za ibada, ofisi za serikali, madaraja wala karibu na kambi. Na ruhusa naomba kwa mdomo kwanza, halafu kwa maandishi. Askari wa geti akijua kuna kasha, yeye ndiye mlinzi wako bora. Atamwambia mgeni, "Ndiyo, endelea kutafuta," na mgeni atatafuta kwa raha.

Karura ni mfano mzuri wa mahali pa kumleta mtu. Msitu wa hekta zaidi ya 1,000 katikati ya jiji, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999. Una mapango, una maporomoko ya maji, una njia pana za murram zenye vibao vya namba kwenye makutano. Lakini ni msitu wa hifadhi chini ya Huduma ya Misitu, una geti na kiingilio na saa za kufunga, kwa hiyo huwezi kuamka tu ukaenda kuacha makopo. Ongea na walinzi wa msitu. Na usitumie tundu la mti, mkuu. Lile tundu ni nyumba ya mtu: nyuki, ndege, wakati mwingine nyoka.

Usiweke pipi au biskuti ndani hata ukiwaonea huruma watoto. Kima wana mikono kama yetu na wanafungua mfuniko.

#4 Baharia wa Kigamboni

Mkuu mwenye uzi, pole kwa mdogo wako na hongera kwa kumsikiliza.

Mimi niongeze ya pwani, maana nimepoteza makasha matatu kabla sijaelewa.

La kwanza lilikwenda na maji. Niliweka kati ya mawe, maji yakiwa yametoka, nikaona pakavu safi kabisa. Sikukumbuka bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwetu huku maji ya bamvua yanaweza kupanda karibu mita nne toka kupwa hadi kujaa, na yale mawe niliyoyaona makavu saa sita yalikuwa chini ya maji jioni. Angalia ule mstari wa mwani mkavu na vijiti ufukweni. Huo ndio mpaka wa bahari. Chombo chako kikae juu ya mstari huo, na uongeze mita kadhaa za nchi kavu kwa heshima. Na ukiweka namba zako mtandaoni, andika kama njia ya kufika inafunikwa maji yakijaa. Kuna mtu atakuja na watoto.

La pili nililiweka juu vizuri, mizizi ya mvinje. Kopo la maziwa ya unga, la bati. Chumvi ililila miezi minne.

La tatu ndilo lililonifunza zaidi. Lilikuwa dumu dogo la plastiki, zuri, halivuji. Lilichukuliwa na vijana wanaookota chupa na vyuma chakavu. Hawakuiba. Kwao plastiki iliyolala ufukweni ni uchafu wenye bei kwa kilo, na wanafanya kazi ya kutusafishia. Niliwatafuta, nikawaeleza mchezo, nikawaonyesha daftari lenye majina ya watu toka nchi nyingine. Mmoja akanishauri nisilaze chombo chini kabisa, nikifunge kwa waya ndani ya kitu ambacho hakiokotwi. Sasa kiko ndani ya kipande cha bomba kilichofungwa nyuma ya kibao cha mwenye banda la samaki, kwa idhini yake. Karibu sana, na samaki wake ni wabichi.

#5 Kijana wa Ubungo

Bomba nyuma ya kibao. Hiyo nimeielewa mara moja. Mzee, urefu wake kutoka chini?

#6 Baharia wa Kigamboni

Kama kiuno changu. Nitapima nirudi. Ila kufika pale ni mchanga mtupu, kwa hiyo nimeandika njia 2 na sidanganyi.

#7 Mpenda Darajani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Unguja.

Naomba niseme kuhusu Mji Mkongwe kwa sababu wageni wengi hutamani kuficha kitu huku. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Tundu unaloliona ukutani ukafikiri ni maficho ya Mungu, ukitia chombo na watu hamsini wakaja wakakichomoa na kukirudisha, chokaa inamomonyoka na jiwe linafuata. Mji huu upo kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na majumba yanaanguka bila ya msaada wetu. Tafadhali msitie kitu ukutani, wala magofuni, wala Kaole kule kwenu Bagamoyo, wala Gedi kule Kenya.

Nyumba za kihistoria mzitumie kwa namna nyengine. Ipo aina ya kasha la hatua kadhaa: mtafutaji anafika pahala pa kwanza, anasoma mwaka kwenye kibao au anahesabu nguzo au misumari ya shaba ya mlango, anapata namba, namba zinampeleka pa pili. Pahala pa kwanza hapahitaji chombo chochote. Mtu anasimama mbele ya mlango wa mti uliochongwa, anautazama kweli kweli kwa mara ya kwanza kwa sababu ana haja ya kuhesabu, halafu kasha lenyewe analikuta pengine kabisa, dukani kwa mtu aliyekubali.

Kwa kiti cha magurudumu, vichochoro vyetu ni vigumu, baraza zinabana na mawe hayako sawa. Bustani ya Forodhani ni tambarare tangu ilipotengenezwa upya 2009, na ina viti na bahari mbele. Usiku imejaa watu na moshi wa mishikaki, hapana atakayeweza kupapasa kitu kwa faragha. Asubuhi saa moja utaipata yako peke yako.

#8 Nukta Tatu

Mimi nitapinga kidogo, na naomba isichukuliwe vibaya.

Nacheza mchezo huu kwa ajili ya kutafuta. Nikifika nikalikuta kasha linaniangalia usoni kwenye benchi, kwangu siku imeisha bure. Tukiweka yote yawe ya kufikika na kupendeza, tutakuwa tumeua ule msisimko. Kuna raha ya kupanda kilima kwa muda wa saa tatu na kuchubuka.

La pili, na hili ni kwa wote: namba zenu nyingi ni mbovu. Simu kwenye uwanja wazi inakosea mita 3 hadi 5. Chini ya miembe au katikati ya maghorofa inakosea zaidi, kwa sababu mawimbi yanadunda. Mfichaji anapima mara moja, anakosea mita 8 upande huu, mtafutaji naye anakosea mita 8 upande ule, sasa mnatafutana ndani ya mita 16. Watu wanaishia kukanyaga maua na kung'oa mawe, na mahali pazuri panaharibika kwa sababu ya uvivu wa mtu mmoja. Pima mara nyingi, siku tofauti, ukifika toka pande tofauti, chukua wastani.

Na someni namba vizuri. Mtandaoni zinaandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Huku kwetu karibu na Ikweta, tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 1.85 pande zote. Mtu anayeisoma 48.500 kana kwamba ni dakika 48 na sekunde 50 anapotea mita 600 na ushei. Anayesahau herufi ya kusini akiwa Dar, kasha lake linatokea Ethiopia. Nimeyaona yote mawili.

#9 Mtembezi_Pugu

@Nukta Tatu sijachukua vibaya hata kidogo, na hilo la wastani nalipokea kwa mikono miwili. Kwa mwenye kiti mwendo, mita 16 za kubahatisha zinaweza kuwa ukuta mzima.

Kuhusu msisimko naomba tutenganishe. Ndiyo maana namba ni mbili. Ugumu unaweza kuwa 4 na njia ikabaki 1. Nimeshaona picha ya kasha lililokuwa boliti ya bandia kati ya boliti kumi za kweli kwenye reli ya ngazi. Mtu anafika bila jasho, halafu anakaa dakika arobaini akigusa boliti moja moja. Mdogo wangu ana macho makali kuliko mimi na akili ya mafumbo kunishinda. Akishindwa na fumbo, ameshindwa na mchezo, na anarudi wiki ijayo. Akishindwa na mtaro, hana cha kurudia.

Kilima cha saa tatu kipande tu, kaka. Nakipenda pia. Ninachoomba ni kwamba ukiandika 1, iwe 1 kweli, na ukiwa na mahali pazuri panapofikika, usipaharibie kwa kuweka kasha juu ya mti ili mradi tu lionekane gumu.

#10 Nukta Tatu

Hapo kwenye "hana cha kurudia" nimenyamaza. Sawa.

#11 Mhamiaji wa Leipzig

Habari za nyumbani. Naishi Ujerumani, na hii ni moja ya nchi zenye makasha mengi kupita kiasi. Mtaani kwangu siwezi kutembea dakika kumi bila kupita moja. Nimepata kama mia nane hivi na naweza kuwaambia kwa nini nakumbuka ishirini tu.

Mengi yamewekwa kwa sababu palikuwa na nafasi. Kanuni inataka umbali wa mita 161 kati ya kasha na kasha, kwa hiyo watu wanajaza: nguzo ya taa, nguzo ya taa, uzio wa maegesho. Unaandika jina, unasahau. Yale ishirini kila moja lilinipeleka mahali ambapo nisingefika. Moja liko kwenye kisima cha zamani kijijini, na mwenye kasha ameandika aya tatu kuhusu bibi yake aliyekuwa anachota maji pale. Nilikaa nikamfikiria bibi yangu na ndoo yake kichwani. Kile alichokiandika kilikuwa sehemu ya mahali penyewe. Msisahau maandishi, ndugu zangu. Na kwa Kiswahili! Tuandike kwanza kwa Kiswahili, wageni watafsiri wenyewe.

Jingine nililojifunza huku ni misimu. Mapango na mahandaki yenye popo hayaruhusiwi kuingiwa toka Oktoba hadi mwisho wa Machi kwa sababu popo wamelala, na wafichaji wanayafunga makasha yao kwa miezi hiyo. Sisi nyumbani tuna masika na vuli. Kwa nini kasha lenye njia ya udongo lisifungwe Aprili likafunguliwa Juni? Mwenye kasha ana uwezo huo mtandaoni, ni kubonyeza tu.

#12 Bi Mkubwa wa Tanga

Wanangu, hamjambo. Nimesoma uzi wote na chai imepoa.

Nina miaka 66. Sina kiti mwendo, nina magoti. Nawaomba mtukumbuke na sisi wa katikati. Ninaweza kutembea kilomita mbili tambarare bila shida, lakini ukiniambia nipige magoti kutazama chini ya benchi, kuinuka kwangu ni mpaka nipate wa kunivuta. Hivyo vipimo vya 40 mpaka 120 vinatufaa na sisi. Na karatasi mnazoweka! Vikaratasi vimekunjwa kama sigara ndani ya kichupa cha kidole, herufi hazionekani, kalamu haipo. Mkiwa na nafasi wekeni chombo kikubwa kidogo, cha lita moja hivi, na daftari la kweli, na penseli. Kalamu ya wino ikikaa kwenye joto la Tanga inavuja au inakauka. Penseli haina neno.

Na kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja na viatu vipya, msitupe. Kitieni ndani ya kasha, kinanyonya unyevu. Mchwa nao wanalijua daftari kabla yenu, kwa hiyo chombo kisiguse udongo.

#13 Mtembezi_Pugu

Shikamoo mama. Umesema kweli, nilikuwa nimemfikiria mtu mmoja tu. Chombo cha lita moja nimeshakipata, kile cha mfuniko wa kubana pande nne. Mdogo wangu anakifungua kwa mkono mmoja.

#14 Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba mwanangu. Mwambie mdogo wako nampa hongera.

#15 Likoni Feri

Hamjambo wandugu. Mombasa hapa. Kama mwatafuta mahali pa njia 1 ya haki, ni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari. Tangu ilipotengenezwa upya 2019 njia ni pana, ni sawa, mibuyu ina kivuli, na meli za bandarini zapita mbele ya macho yako karibu hata wasoma majina yake ubavuni.

Na hapo hata chombo si lazima. Kuna aina ya kasha la ardhi, lilianza 2004, halina kopo. Mwenyewe anaandika somo fupi la miamba, mgeni anafika, anatazama, anajibu maswali, anatuma majibu. Lile jabali la ukingo wa Mama Ngina ni matumbawe ya kale, yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ukitazama kwa karibu waona bado maumbo ya matumbawe yenyewe, vijishimo kama sega la nyuki, na maganda ya kombe yamegandana humo. Mwenye kiti aweza kuyaona sehemu ambazo mwamba watokeza kando ya njia, haja ya kushuka chini hana. Hakuna wa kuokota, hakuna wa kuogopa bomu, mvua hailowanishi daftari. Ruhusa waomba vilevile.

#16 Mkimbiaji wa Karura

@Likoni Feri hili la miamba sikuwa nimelifikiria kwa wenye viti. Asante sana. Nakuja Disemba.

#17 Mtembezi_Pugu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu na habari.

Nimepata mahali. Ni bustani ndogo ya mtaa hapa Dar. Mwenyekiti wa mtaa amenipa barua, na mzee anayemwagilia maua amekubali kulitazama kila asubuhi. Namba zake zikikubaliwa na mhakiki, yule anayekagua makasha mapya kabla hayajatangazwa mtandaoni, nitaziweka hapa. Nimepima mara tisa kwa siku nne, @Nukta Tatu.

Tulikwenda na mdogo wangu jana. Toka getini ni pevingi mita 140. Palikuwa na ngazi moja ya sentimita 6, na fundi wa jirani akatutengenezea mteremko wa zege wa sentimita 75 kwa mfuko mmoja wa saruji. Watoto wa baiskeli walianza kuupanda kabla haujakauka vizuri. Mwisho wa njia kuna mti mkubwa wa mkungu na ukuta mfupi wa kukalia. Ukuta una kimo cha sentimita 82. Kwa nyuma, upande wa mti, tofali moja la juu si tofali. Ni chombo cha Bi Mkubwa kilichovalishwa ganda la zege, na kinatoka ukikivuta kuelekea kushoto. Ugumu nimeandika 3.

Sikumwambia kilipo. Nilikaa mwisho wa ukuta nikala karanga. Alisogeza kiti sambamba na ukuta akaenda nao akipitisha kiganja juu ya matofali, tofali kwa tofali, bila haraka, mpaka kiganja kikasimama. Akarudi nyuma tofali moja. Akagonga kwa kucha, akasikiliza, akagonga la pembeni. Halafu akavuta kushoto.

Daftari lina jina moja mpaka sasa, la kwake.

#18 Kijana wa Ubungo

Mkuu, Jumamosi nakuja na mama yangu, miguu yake inavimba hawezi kutembea sana. Zikishakubaliwa namba naomba uniambie jambo moja tu: bajaji inashusha wapi?

#19 Mtembezi_Pugu

Getini kabisa, upande wa kulia. Upande wa kushoto kuna mtaro.

#20 Baharia wa Kigamboni

Nimepima. Sentimita 97.